Mashine za sloti na dubwi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayecheza, mwenye duka aliyewekewa mashine, na yeyote anayeona hela za nyumbani zikiishia kwenye mashine. Mifano ya hesabu imewekwa kwa shilingi za Tanzania.

Mashine ya sloti ni nini, na dubwi ni kitu kingine?

Ni ukoo mmoja. Mashine ya sloti hupokea dau, huchagua matokeo kwa nasibu na hulipa kwa kufuata jedwali lililopangwa kabla hujaketi mbele yake. Iliyofungua njia ni Liberty Bell ya Charles Fey, fundi mzaliwa wa Bavaria aliyefanya kazi San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1890. Ilikuwa na magurudumu 3, mkono wa kuvuta pembeni, na zawadi kubwa ya senti 50 za Marekani kwa kengele tatu. Picha za matunda zilikuja na mashine za Herbert Mills wa Chicago, na hazijaondoka mpaka leo. Mwaka 1963 kampuni ya Bally ikatoa Money Honey, iliyoendeshwa kwa umeme na iliyoweza kutema hadi sarafu 500 yenyewe bila mhudumu kufungua chochote.

Dubwi ni ndugu yake wa mtaani: sanduku la rangi lenye taa inayokimbia kuzunguka picha za matunda, maarufu pia kama mashine ya Mchina. Tanzania linakula sarafu ya shilingi 200, Kenya sarafu ya shilingi 20. Tutalirudia huko mbele, maana lina mambo yake ambayo sloti za kasino hazina.

Nikibonyeza kitufe, ndani kunatokea nini?

Kwenye bodi ya umeme ya mashine kuna programu inayozalisha namba nasibu. Haingojei mtu. Inazizalisha mfululizo, nyingi mno kwa kila sekunde, hata kiti kikiwa kitupu. Ukibonyeza, inachukua namba za nukta hiyo hiyo, moja kwa kila gurudumu.

Tuseme namba ya gurudumu la kwanza ni 1,234,567 na gurudumu limegawanywa nafasi 64. Programu inagawa kwa 64 na kuchukua baki. 64 mara 19,290 ni 1,234,560, baki ni 7, basi gurudumu litasimama kwenye nafasi ya 7. La pili na la tatu hivyo hivyo. Kisha inaangalia jedwali la malipo, inaandika kwenye kumbukumbu umeshinda kiasi gani, na ndipo inaanza kuzungusha. Yote haya yamekwisha kabla hujaona kitu kikisogea. Ndiyo sababu kitufe cha kusimamisha gurudumu katika sloti hizi hakibadili matokeo. Kinafupisha onyesho tu.

Kwa hiyo magurudumu ninayoyaona si ya kweli?

Ni ya kweli kama onyesho, lakini siyo yanayoamua. Jambo hili lina uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Mashine za chuma za zamani zilibanwa na umbo lake. Magurudumu 3 yenye nafasi 22 kila moja hutoa michanganyiko 22 × 22 × 22, yaani 10,648. Zawadi kubwa ikizidi sana sarafu elfu kumi, mwenye mashine anafilisika. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani ya kulivuka tatizo hilo. Gurudumu la machoni linabaki na nafasi 22, lakini programu inachagua kutoka kwenye gurudumu la kufikirika lenye nafasi 64, 128 au zaidi, kisha kila namba inaelekezwa kwenye nafasi mojawapo ya zile 22. Picha ya 7 inaweza kupewa namba moja tu kati ya 64, na nafasi tupu zilizo juu na chini yake zikapewa namba tano au sita kila moja.

Matokeo ni mawili. Kwanza, 7 tatu zinatoka mara 1 katika 262,144, huku jicho likikuambia ni 1 katika 10,648. Pili, kwa kuwa nafasi tupu zinazopakana na 7 zimependelewa, gurudumu litasimama mara nyingi 7 ikiwa juu kidogo au chini kidogo ya mstari. Mchezaji anapiga paja: nusura! Nusura hiyo imezalishwa na mgawanyo wa namba, na haimaanishi kwamba ulikaribia kitu chochote. Mashine inaweza kupita ukaguzi wote wa kisheria na bado ikamdanganya mtu kwa njia hii.

Asilimia ya marejesho maana yake nini?

Ni sehemu ya madau yote ambayo mashine imepangwa kurudisha kwa wachezaji, ikihesabiwa kwa mizunguko mingi sana. Kwenye sloti za simu huandikwa kwa herufi RTP. Njia nzuri ya kuielewa ni kuijenga mwenyewe.

Chukua mashine ya magurudumu 3, kila moja nafasi 20: 7 iko mara 1, kengele mara 2, BAR mara 3, cheri mara 4, na nafasi tupu 10. Michanganyiko yote ni 8,000. Dau ni sarafu 1. Malipo tuyapange hivi: 7 tatu sarafu 1,000, kengele tatu 100, BAR tatu 50, cheri tatu 20, cheri mbili tu 3.

7 tatu zina njia 1, zinalipa jumla ya 1,000. Kengele tatu zina njia 8, jumla 800. BAR tatu njia 27, jumla 1,350. Cheri tatu njia 64, jumla 1,280. Cheri mbili njia 768, jumla 2,304. Jumla kuu ni sarafu 6,734 kwa kila 8,000 zinazoingia, sawa na asilimia 84.2. Kati ya mizunguko 8,000, yenye malipo yoyote ni 868, kama mmoja katika kila 9.

Sasa angalia kitu ambacho jedwali halikuambii. Katika zile asilimia 84.2, asilimia 12.5 zimefichwa kwenye 7 tatu peke yake. Ukicheza mizunguko 500, uwezekano wa kutoziona kabisa ni kama asilimia 94. Maana yake karibu kila anayekaa hapo kwa jioni moja anacheza mashine ya asilimia 71.7, na tofauti inakusanywa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye pengine hatamwona maishani.

Imeandikwa asilimia 90. Nimekuja na 20,000, mbona sikuondoka na 18,000?

Kwa sababu asilimia inahesabiwa kwenye kila dau, siyo kwenye hela uliyotoka nayo nyumbani. Ukizungusha 20,000 yote mara moja, kwa wastani unabaki na 18,000. Ukiirudisha yote tena, 16,200. Tena, 14,580. Ukiipitisha mara kumi unabaki na takriban 6,970. Mashine haikukuibia hata senti nje ya kilichoandikwa. Wewe umeilipa asilimia 10 mara kumi. Ndiyo maana mtu husema "nilikuwa nakula kabisa mpaka saa mbili" na bado akarudi kwa miguu.

Nitajuaje mchezo unanigharimu kiasi gani kwa saa?

Zidisha dau kwa mizunguko ya saa moja, kisha kwa asilimia inayobaki kwa mashine. Kwa mfano wetu wa asilimia 84.2: dau la 200, mzunguko mmoja kila sekunde 6 ni mizunguko 600, jumla ya madau ni 120,000 kwa saa. Mashine inabakiza asilimia 15.8, yaani kama shilingi 19,000 kila saa. Hiyo ndiyo bei ya wastani ya kukaa pale. Siku moja utatoka juu, siku nyingine utamaliza dakika ishirini huna kitu, lakini kadiri unavyorudi ndivyo jumla inavyosogea kwenye namba hiyo.

Katika hesabu hii vitu viwili viko mikononi mwako, dau na kasi. Ukicheza mzunguko mmoja kila sekunde 12, gharama ya saa inashuka nusu. Uingereza walilielewa hili: tangu Oktoba 2021 sloti za mtandaoni huko haziruhusiwi kuzunguka chini ya sekunde 2.5, na kujizungusha zenyewe kumepigwa marufuku.

Mashine imekula siku nzima. Si inakaribia kutema?

Hapana. Katika sloti ya nasibu halisi kila mzunguko unajitegemea. Tukirudi kwenye mashine yetu, 7 tatu zina uwezekano wa 1 katika 8,000. Baada ya mizunguko 8,000 kamili, uwezekano kwamba hazijatoka hata mara moja bado ni kama asilimia 37. Na kama hazijatoka, mzunguko wa 8,001 una uwezekano ule ule wa 1 katika 8,000. Aliyeondoka akakuachia kiti hajakuachia deni la mashine.

Kuna ubaguzi mmoja unaostahili kutajwa kwa haki. Zipo mashine zenye programu ya kufidia, zinazofuatilia zilichoingiza na kulipa ili zikae kwenye asilimia iliyowekwa. Mashine nyingi za baa za Uingereza ni za aina hiyo, na sheria inataka liandikwe wazi kwenye mashine. Bodi nyingi za dubwi nazo hufanya kazi kwa mantiki ya namna hii. Hata hivyo mchezaji hafaidiki nayo, kwa sababu hajui mashine imeingiza kiasi gani tangu lini, wala imewekewa kiwango gani.

Vipi kuhusu saa nzuri ya kucheza, sarafu ya moto, au kuongeza dau ukishaliwa mara nyingi?

Saa haina athari. Kipokea sarafu kinapima kipenyo, unene na aina ya chuma ili kukubali au kukataa sarafu, na hakina mawasiliano yoyote na kuchagua matokeo. Joto la sarafu halifiki popote. Kuongeza dau maradufu kila unapoliwa ni hatari zaidi ya yote: ukianza na 200 na kuliwa mara 8 mfululizo, umeshatoa 51,000, na dau la tisa linahitaji 51,200. Kuliwa mara 8 mfululizo kwenye mashine inayolipa mara moja katika 9 ni jambo la kawaida kabisa.

Dubwi la taa zinazozunguka linafanyaje kazi?

Mengi yana taa 24 kuzunguka ukingo na vitufe 8 vya kuwekea dau: tufaha, chungwa, embe, kengele, tikiti, nyota, 77 na BAR. Unabonyeza kitufe kimoja au kadhaa, taa inakimbia, inaposimama unalipwa kwa picha hiyo kama uliiwekea. Malipo hutofautiana kwa bodi, lakini mpangilio ni wa aina hii: tufaha mara 5, chungwa mara 10, na kuendelea hadi BAR mara 100 au karibu na hapo.

Jicho linahesabu taa na kudhani kila moja ina haki sawa. Sivyo. Bodi huchagua matokeo kwanza, taa inafuata. Ndani ya sanduku kuna swichi ndogo ndogo au menyu ya siri ambako mwenye mashine huweka ugumu. Kwa hiyo madubwi mawili yenye sura moja, moja kwa Mangi na jingine stendi, yanaweza kuwa na marejesho tofauti kabisa, na hakuna kibandiko nje kitakachokuambia.

Kuweka dau kwenye vitufe vyote 8 ili "usikose" ni hasara iliyopambwa. Umeweka sarafu 8, yaani 1,600. Taa ikisimama kwenye tufaha unapewa sarafu 5, yaani 1,000, na muziki unapigwa. Umepoteza 600. Tufaha na machungwa ndiyo yanayotoka mara nyingi.

Baada ya kushinda, mashine inakuuliza kama unataka kuzidisha kwa kubahatisha kubwa au ndogo. Kama bahati ingekuwa nusu kwa nusu, hatua hiyo isingekuongezea wala kukupunguzia kitu kwa wastani, ila ingeyumbisha zaidi hela yako. Lakini inaendeshwa na bodi ile ile yenye swichi zile zile. Chukua sarafu zako.

Sloti za mistari mingi zinashinda mara nyingi zaidi, si bora hizo?

Zinalia mara nyingi zaidi. Mistari 20 kwa shilingi 50 ni dau la 1,000 kila mzunguko. Mistari miwili ikilipa jumla ya 400, taa zinawaka, namba inapanda, na umepoteza 600. Wasimamizi wa kamari Uingereza waliona madhara ya jambo hili, na katika kanuni zile za 2021 wakakataza sauti na picha za ushindi pale malipo yanapokuwa chini ya dau au sawa nalo. Kwenye mashine nyingine angalia salio, usisikilize muziki.

Jakpoti inayokua inatoka wapi?

Kwenye madau yenu. Sehemu ndogo ya kila dau inakatwa na kwenda kwenye mfuko wa pamoja, hivyo marejesho ya kawaida ya mashine hizo huwa chini. Megabucks ya kampuni ya IGT iliunganisha mashine za Nevada kwenye mfuko mmoja mwaka 1986, na Machi 2003 ililipa dola milioni 39.7 kwenye kasino ya Excalibur, Las Vegas. Kabla ya kucheza mashine ya jakpoti soma masharti ya dau. Nyingine hazilipi jakpoti mpaka uwe umeweka dau la juu kabisa, na kwenye hizo kucheza dau dogo ni kuchangia mfuko usioweza kuufikia.

Sarafu imekwama, au mashine imeacha kulipa katikati. Nifanye nini?

Acha kubonyeza. Usizime, usichomoe waya, usitikise. Piga picha ya skrini au namba nyekundu zinazoonyesha unachodai, na uhakikishe saa inajulikana. Mwite mhudumu au mwenye duka aione kabla mtu mwingine hajagusa. Kama hopa, yaani ndoo ya sarafu ndani ya mashine, imeishiwa, idadi inayodaiwa hubaki ikionekana. Mwenye ufunguo anaijaza na mashine inaendelea kulipa, au unalipwa mkononi na deni linafutwa mbele yako. Ikiwa mwenye ufunguo hayupo, deni liandikwe kwenye karatasi na nyote wawili mkubaliane nalo.

Ukielewa sababu hutababaishwa. Hopa ni ndoo yenye diski inayozunguka chini. Diski inasukuma sarafu moja moja kupita mbele ya jicho la mwanga linalohesabu. Sarafu iliyopinda husimamisha diski. Vumbi au bia iliyomwagika juu ya jicho hufanya hesabu ikosee: sarafu zinapita bila kuhesabiwa na mashine inalipa zaidi, au jicho linaziba na mashine inasimama kwa kosa. Kipokea sarafu cha bei nafuu hulinganisha sarafu yako na sarafu ya mfano iliyobanwa ndani; mfano ukihama au kuchafuka, sarafu halali zinakataliwa zote. Na umeme ukikatika, salio lako hutunzwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya bodi. Betri ikiwa imekufa, mashine itawaka ikiwa sifuri. Ndiyo maana picha inapigwa kwanza.

Kamwe usiingize waya au bisibisi kwenye tundu. Ndani kuna umeme wa volti 230.

Mashine nyingi zina maandishi kwamba hitilafu inafuta mchezo na malipo yote. Kasino ikikuambia hivyo kwenye malipo makubwa, omba kumbukumbu ya mashine isomwe na upeleke lalamiko kwa mamlaka. Nevada, mgogoro wa dola 500 au zaidi lazima kasino yenyewe iutaarifu upande wa serikali mara moja.

Nimewekewa mashine dukani. Nitahakikishaje mgao wangu ni sahihi?

Soma mita mwenyewe kila inapofunguliwa, na usikubali ifunguliwe ukiwa haupo. Kuna mita ya sarafu zilizoingia na ya zilizotoka. Tuseme wiki iliyopita zilisoma 41,200 na 34,600. Leo 48,350 na 40,470. Zimeingia 7,150, zimetoka 5,870. Tofauti ni sarafu 1,280, yaani shilingi 256,000, na hiyo ndiyo inayogawanywa. Marejesho ya wiki ni asilimia 82.1.

Sasa hesabu sarafu zenyewe, za hopa na za sanduku la chini, ukitoa zilizokuwemo mwanzo. Kama hazifiki 1,280, tafuta kwa mpangilio huu: sarafu zilitolewa katikati ya wiki bila kuandikwa, au kuna aliyejaza hopa na kujilipa zaidi ya alichojaza, jicho la hopa ni chafu na linalipa zaidi, kuna ufunguo wa pili mtaani. Sarafu iliyofungwa uzi na kuvutwa nje ni mbinu ya kale lakini bado inafanya kazi kwenye vipokezi vilivyochakaa, na dalili yake ni mita ya kuingia kuzidi sarafu zilizopo. Weka daftari la tarehe, namba za mita na saini mbili. Kwa mgogoro wowote, daftari hilo ndilo ushahidi wako.

Je, kuna watu waliowahi kuishinda mashine?

Wapo, na visa vyao vinafundisha. Ron Harris alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa mamlaka ya kamari ya Nevada. Alitumia vifaa vya ukaguzi kupandikiza msimbo ndani ya mashine ili zilipe mtu akiingiza sarafu kwa mfuatano fulani. Alinaswa mwaka 1995. Mwaka 2014 kasino za Marekani zikagundua kundi lililokuwa likirekodi mizunguko kwa simu, kutuma picha Urusi, na kurudishiwa mtetemo wa simu sehemu ndogo ya sekunde kabla ya wakati wa kubonyeza: programu ya namba nasibu ya mashine za zamani za Aristocrat ilikuwa imechunguzwa mpaka ikatabirika. Wa kwanza alikuwa ndani ya mamlaka. Wa pili walihitaji mashine yenyewe, wataalamu na mtandao wa watu. Harris na baadhi ya watu wa kundi hilo waliishia mahakamani au jela.

Anayekuuzia "kodi ya dubwi", yaani namba za siri za kulishinda, kwa elfu kumi kwenye WhatsApp hana kimojawapo cha hivyo. Angekuwa nayo angeitumia kimya.

Sloti za simu ni tofauti? Na Aviator?

Hesabu ni ile ile, hatari ya kasi ni kubwa zaidi kwa sababu hela iko kwenye simu ile ile. Fungua maelezo ya mchezo, kwa kawaida alama ya i au ya swali, utafute RTP. Mchezo mmoja wa jina moja unaweza kutolewa na mtengenezaji kwa matoleo kadhaa ya marejesho, na tovuti ikachagua la chini, kwa hiyo namba uliyoiona kwingine haihusu tovuti yako.

Bonasi ipigie hesabu kabla ya kuikubali. Bonasi ya 10,000 yenye sharti la kuzungusha mara 30 inakutaka uweke madau ya 300,000. Kwenye mchezo wa asilimia 95, hasara ya wastani njiani ni 15,000, kubwa kuliko bonasi yenyewe.

Aviator ya kampuni ya Spribe siyo sloti. Ni mchezo ambao kizidisho kinapanda na unatakiwa kutoka kabla hakijakatika. Ina marejesho ya asilimia 97. Programu zinazodai kutabiri ndege itakatika wapi ni za wizi, na baadhi zinaomba nywila ya akaunti yako.

Sheria inasemaje?

Tanzania, michezo hii iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mashine isiyo na leseni ni haramu hata kama imekaa hapo miaka. Kenya iliongozwa kwa muda mrefu na sheria ya 1966, na mwaka 2025 ikapitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari. Mwaka 2018 serikali yake iliendesha msako mkali wa mashine za mitaani, nyingi zikachomwa moto hadharani. Kwa Waislamu jibu liko juu ya sheria yoyote ya nchi: Al-Maida, aya ya 90.

Kwa kulinganisha, Nevada hairuhusu mashine kurejesha chini ya asilimia 75, na New Jersey chini ya 83. Viwango hivyo vina maana pale tu mkaguzi anapofungua mashine na kupima.

Nimeshindwa kuacha. Nianzie wapi?

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, katika orodha yake ya ICD-11. Usijihesabu mtu mbaya; jihesabu mtu anayehitaji kuwekewa vizuizi, na vizuizi vya hela vinafanya kazi haraka kuliko viapo.

Leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, dada, kaka, mke, mume, au rafiki asiyecheza, na mtajie kiasi kamili cha deni. Hela ikiingia, ihamie kwake siku hiyo hiyo, wewe ubaki na nauli na ya chakula. Badili namba ya siri ya akaunti ya simu na aijue yeye. Tovuti za kubeti ziombe kwa maandishi zikufungie akaunti, usifute programu tu, maana kuirudisha ni dakika moja. Kama dubwi liko njiani kutoka kazini, badili njia. Usikope ili kurudisha ulicholiwa. Deni la kamari lipange kama deni jingine lolote, kidogo kidogo kwa tarehe.

Ukiona hulali, unaiba nyumbani, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili bila kusubiri kesho: Muhimbili kwa Dar es Salaam, Mirembe kwa Dodoma, Mathari kwa Nairobi, au hospitali ya rufaa iliyo karibu. Sema wazi kwamba tatizo ni kamari, kwa sababu wengi hutibiwa usingizi na chanzo kikabaki.

Mwanangu wa miaka 14 anaonekana kwenye dubwi. Nimshike nani?

Muulize kwanza hela anatoa wapi na amewahi kula kiasi gani. Ushindi mmoja wa mwanzo ndio unaomrudisha mtoto pale. Fanya naye hesabu ya vitufe 8 na tufaha kwa sarafu halisi mezani, ataielewa. Kisha nenda kwa mwenye duka na umwambie mtoto ana miaka mingapi, mbele ya shahidi. Ikiendelea, peleka malalamiko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ukitaja mahali, siku, saa, na picha ya mashine kama unayo.